Trekta na Mwenye Trekta: Historia ya Kujifunza Mashine Katika Ardhi ya Kibaha na Kisarawe

Utangulizi

Kila Sikukuu ya Mavuno washarika huleta mbele ya madhabahu mazao ya kazi ya mikono yao: muhogo, mpunga, mahindi, nazi, korosho na mananasi. Baada ya ibada mazao hayo hunadiwa uwanjani, na fedha inayopatikana huingia katika hazina ya Usharika. Hivyo historia ya kanisa katika nchi ya Uzaramo haiwezi kutenganishwa na historia ya shamba, wala historia ya shamba na ile ya zana zilizolilima.

Sura hii inaeleza jinsi trekta lilivyoingia katika maeneo ya Visiga, Kibaha na Kisarawe, na hasa jinsi mkulima anayelimiliki kwa mara ya kwanza anavyolazimika kujifunza upya kazi aliyodhani anaijua. Katika vipindi vyote vitakavyotajwa, mashine ilitangulia kufika na ujuzi ukachelewa. Pale ujuzi ulipobaki mikononi mwa wenyeji, mashine ilidumu. Pale ulipoondoka na wageni walioileta, mashine iligeuka chuma kilichosimama chini ya mwembe.

Ardhi, jembe la mkono na ujuzi wa wenyeji

Visiga ipo kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya mji wa Kibaha na Mlandizi. Ardhi yake ya juu, kama ilivyo sehemu kubwa ya Kisarawe, ina udongo wa kichanga, mwepesi kulimika lakini mwepesi pia kuchoka. Kuelekea bonde la Mto Ruvu udongo hubadilika kuwa mfinyanzi mweusi, wenye rutuba, unaonata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi.

Wazee wa nchi hii waliijua ardhi hiyo vizuri. Walifyeka pori, wakachoma majani, wakapanda kati ya visiki, na baada ya misimu michache wakahamia kipande kingine. Visiki havikuachwa kwa uvivu. Vilichipua tena, pori likarudi upesi, na rutuba ikarudi pamoja nalo. Jembe la mkono lilipita kati ya visiki bila shida. Jambo hili ni vema likumbukwe, kwa sababu visiki hivyo ndivyo vilivyokuja kuwa adui wa kwanza wa trekta.

Wamisionari Wajerumani waliotumwa kutoka Berlin walifungua kituo cha Kisarawe mwaka 1892 na cha Maneromango mwaka 1895. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa, watu wengi walidhani kazi ingekufa. Haikufa. Walimu wenyeji, ambao miongoni mwao alikuwamo Martin Ganisya wa Dar es Salaam, waliendelea kufundisha na kulilinda kundi. Mwaka 1940 wamisionari Wajerumani waliondolewa tena kwa sababu ya vita, na mara hiyo pia walimu na wachungaji wenyeji walisimama imara. Kilichookoa kazi mara zote mbili ni kwamba ilikuwa imekwisha kufundishwa kwa watu ambao hawangeondoka na meli. Historia ya trekta inapaswa kupimwa kwa kipimo hicho hicho.

Somo la Kongwa

Mfano mkubwa wa kwanza wa matrekta katika nchi yetu haukutokea Pwani, bali Kongwa, Urambo na Nachingwea. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga katika eneo la zaidi ya ekari milioni tatu ili kupata mafuta ya kula. Kazi ilianza mwaka 1947. Kwa kuwa matrekta mapya yalikuwa adimu, yalinunuliwa yaliyotumika vitani, na hata baadhi ya vifaru viligeuzwa kuwa mashine za kufyekea pori. Shehena ilishushwa katika bandari ya Dar es Salaam na kusafirishwa bara.

Ndani ya miezi michache sehemu kubwa ya matrekta hayo ilikuwa imelala kwa ubovu. Madereva walikuwa wamefunzwa kwa haraka, karakana zilikuwa duni na spea hazikutosha. Tena udongo wa Kongwa, uliokuwa mlaini wakati wa mvua, ulikauka na kuwa mgumu kama sakafu, na mchanga wake ulisaga vyuma. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Hakuna mkulima wa Visiga au Kisarawe aliyewahi kuwa na fedha za namna hiyo za kupoteza, lakini makosa yaliyotendwa Kongwa kwa mamilioni ya pauni ndiyo yale yale yanayoweza kutendwa na familia moja kwa trekta moja.

Uhuru na Mradi wa Nordiki Kibaha

Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipoanza kazi akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alizungumza juu ya jembe la mkono. Alieleza kwamba jembe hilo halingeweza kuwapatia wananchi mahitaji ya wakati mpya, na kwamba plau na trekta vilihitajika. Hata hivyo, aliongeza kuwa wala Serikali wala wananchi hawakuwa na fedha za kuipa kila familia trekta lake. Kwa hiyo wakulima washirikiane, na ili washirikiane ni lazima waishi pamoja katika vijiji.

Mipango ya makazi ya vijiji iliyofuata ilitumia mitambo na fedha nyingi, na mwaka 1966 ilisitishwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likarudisha mkazo kwa watu, ardhi na juhudi ya kazi, likionya dhidi ya kudhani kuwa fedha ndiyo msingi wa maendeleo.

Wakati huo huo Kibaha ilipata kitu cha tofauti. Tarehe 10 Januari 1963 ulianzishwa Mradi wa Nordiki wa Tanganyika, uliofadhiliwa na nchi za Denmark, Finland, Iceland, Norway na Sweden, nchi ambazo wengi wa watu wake walikuwa Walutheri. Mradi ulikuwa na shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha kuwafunza wakulima. Tarehe 10 Januari 1970 ulikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha.

Kwa mada ya sura hii, jambo la maana ni kile chuo cha wakulima. Wageni wa Nordiki wangeweza kuleta mashine tu na kuondoka. Lakini waliweka mahali ambapo mkulima mtu mzima, hata asiye na elimu ndefu, angeweza kukaa na kujifunza. Kazi hiyo iliendelea baadaye katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kibaha, kimojawapo cha vyuo ambavyo nchi ilianza kuvifungua mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden.

Matrekta yaliyounganishwa Kibaha

Si wengi wanaokumbuka kwamba Kibaha imekuwa mji wa matrekta mara mbili. Katika miaka ya 1980 kiwanda cha TRAMA kiliunganisha hapo matrekta ya Valmet kutoka Finland. Hali ngumu ya uchumi ya miaka ile, pamoja na ukosefu wa fedha za kigeni, haikuruhusu kazi hiyo kukua kama ilivyotarajiwa.

Baadaye Serikali ilijaribu njia nyingine. Mfuko wa Taifa wa Pembejeo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ulikopesha fedha za kununua matrekta mapya na kutengeneza yaliyoharibika. Mwaka 2009 ilitangazwa kaulimbiu ya Kilimo Kwanza. Pawatila zikaenea mabondeni, na matrekta yakaletwa kwa mkopo wa dola milioni 40 kutoka India na kukopeshwa kwa wananchi kupitia SUMA JKT. Wapo waliofaulu, na wapo walioshindwa kurejesha mikopo.

Mara ya pili kwa Kibaha ilitokana na mkataba wa mwaka 2015, ambapo Shirika la Maendeleo la Taifa lilipatana na kampuni ya Ursus ya Poland kuleta vifaa vya matrekta 2,400. Matrekta hayo yaliunganishwa katika eneo la TAMCO, Kibaha, kuanzia mwaka 2017. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilifilisika huko kwao. Kwa mkulima aliyekwisha kulipa, habari hiyo ilikuwa na maana moja tu: swali la mahali pa kupata spea sasa lilikuwa lake yeye mwenyewe. Hivyo ndivyo matukio ya nchi za mbali yanavyoweza kufika hadi shambani, na ndiyo sababu wenye busara huuliza habari za spea na fundi kabla ya kuuliza bei.

Mwaka wa kwanza wa mwenye trekta

Trekta jipya linapofika kijijini, watoto hulikimbilia, majirani hulizunguka, na mara nyingi mchungaji au mwinjilisti huitwa kuliombea. Ni siku ya furaha ya haki. Lakini siku inayofuata mwenye mali hubaki peke yake na mashine ambayo baba yake hakuwahi kumfundisha.

Jambo la kwanza la kujifunza ni kuhesabu kwa saa. Gari huhesabiwa kwa kilomita. Trekta huhesabiwa kwa saa za kazi ya injini, na kipimo chake kipo mbele ya dereva. Saa 50 za kwanza ni za utoto wake. Vyuma vipya vinasuguana, na chembe zake huingia katika oili. Matrekta mengi hutakiwa kumwagwa oili hiyo na kubadilishwa filta baada ya muda huo, kama kitabu chake kinavyoelekeza. Katika saa hizo trekta halitakiwi kulemewa kupita kiasi, wala kuachwa likinguruma bure kwa muda mrefu. Kwa bahati mbaya kitabu huandikwa kwa lugha ya kigeni, kikafungiwa kabatini pamoja na kadi ya trekta, na wengi hupitisha saa hizo bila kujua kwamba wanafupisha maisha ya injini.

Jambo la pili ni nidhamu ya asubuhi. Kabla ya kuwasha, dereva huangalia oili, maji ya rejeta, mkanda wa feni, upepo wa matairi na bolti za magurudumu, kisha hupaka grisi mahali panapotakiwa. Wakati wa kiangazi vumbi la kichanga chetu huziba kisafisha hewa upesi. Dizeli nayo ina kanuni zake. Inayonunuliwa kwa madumu iachwe itulie, ichujwe, na ile ya chini yenye maji na uchafu isimiminwe. Tangi lijazwe jioni, ili hewa ya usiku isigeuke matone ya maji ndani yake. Lisiachwe likauke kabisa, kwa maana hewa ikiingia katika mabomba injini hugoma, na itabidi hewa hiyo itolewe kwanza ndipo iwake.

Jambo la tatu ni uhai wa binadamu. Trekta lina pedeli mbili za breki, moja kwa gurudumu la kulia na nyingine kwa la kushoto. Shambani hutenganishwa ili dereva aweze kukata kona fupi. Barabarani ni lazima zifungwe pamoja. Anayesahau kuzifunga akaingia Barabara ya Morogoro, kati ya malori na mabasi, akikanyaga pedeli moja kwa ghafla trekta hugeuka upande na linaweza kupinduka.

Hatari nyingine hutoka kwenye visiki. Mkulima wa Pwani hushawishika kufunga mnyororo kwenye kisiki na kukivuta. Mnyororo ukifungwa juu, mahali palipo juu ya ekseli ya nyuma, kisiki kikagoma, magurudumu ya mbele huinuka, na kufumba na kufumbua trekta humwangukia dereva kwa nyuma. Mnyororo hufungwa chini, kwenye chuma cha kuvutia, na klachi huachiwa taratibu. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna mtu anayepaswa kupandishwa juu ya mabawa ya magurudumu, awe mtoto anayelia kupanda au mgeni wa heshima.

Jambo la nne ni udongo. Mkulima aliyelima kwa jembe la mkono anaijua ardhi yake kwa miguu, na ujuzi huo haupaswi kutupwa kwa sababu amepanda kiti cha chuma. Katika kichanga cha Visiga na Kisarawe, plau ikizamishwa mno hufukia udongo mweusi mwembamba wa juu na kuleta juu mchanga usio na chakula; kina cha sentimita 15 hadi 20 kinatosha, na kwenye mteremko mistari ikate mlima, isiteremke nao. Katika mfinyanzi wa bonde la Ruvu, swali ni siku ya kuingia. Mkulima huchukua udongo na kuuviringisha kiganjani. Ukifanya kamba inayonata, ni mapema mno, kwa kuwa magurudumu yatateleza na kuushindilia. Ukigoma kabisa kuvunjika, amechelewa. Na kabla ya yote shamba la zamani ling'olewe visiki, maana sahani ya plau iliyopasuliwa na kisiki katikati ya msimu inaweza kugharimu msimu wenyewe.

Jambo la tano, na ambalo limeangusha wengi kuliko ubovu wa injini, ni hesabu. Plau ya sahani tatu inayokata upana wa sentimita 90, ikienda kilomita 5 kwa saa, ingelima mita za mraba 4,500 kwa saa kama isingegeuka wala kusimama. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ukiondoa muda wa kona na kusimama, ekari moja huchukua karibu saa moja na robo. Familia yenye ekari tano humaliza shamba lake kwa siku moja. Je, siku nyingine za mwaka trekta litalipiwa na nini?

Jibu ni kuwalimia wengine, na hapo ndipo mtihani unapoanza. Mvua za vuli na masika hazisubiri. Kila mtu anataka kulimiwa wiki ile ile. Ndugu huomba kulimiwa kwa ahadi ya kulipa akivuna. Mjane wa jirani hana cha kulipa kabisa. Dereva anayelipwa kwa ekari hukimbiza trekta, na dizeli hupungua bila maelezo. Mkopo nao una tarehe yake, isiyojali undugu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye trekta asiyeandika kila siku saa zilizofanya kazi, dizeli iliyotumika, ekari zilizolimwa na fedha iliyoingia, hatajua amefilisika mpaka siku ya kulifuata trekta lake itakapofika.

Daftari halimzuii kuwa na huruma, bali humwonyesha huruma yake inaweza kufika wapi. Aliyeandika kwamba msimu huu anaweza kuwalimia wajane wawili bure, na akawalimia, amesaidia kuliko aliyewaahidi kumi, kisha trekta likachukuliwa na wadai.

Hitimisho

Visiga ya leo si ile ya wakati wa wazee. Mji umesogea, mashamba mengi yamekatwa kuwa viwanja, na vijana wengi hutafuta riziki Dar es Salaam. Ekari zilizobaki haziwezi kulimwa kwa jembe la mkono peke yake na wazee waliobaki nyumbani. Trekta kwa hiyo limekuwa jambo la kuamua kama ardhi ya familia itaendelea kulimwa au itauzwa.

Historia iliyoelezwa hapa inafundisha kwamba uamuzi huo haumalizwi siku ya kununua. Kongwa palikuwa na matrekta mengi, mafunzo yakiwa haba. Kibaha matrekta yaliunganishwa mara mbili katika kizazi kimoja au viwili, na mara zote mbili yaliyodumu ni yale yaliyopata mtu wa kuyatunza. Katika vijiji vingi vya Tanzania bado yanaonekana matrekta ya Massey Ferguson ya miongo mingi iliyopita, rangi imekwisha, kiti kimefungwa kwa kamba, na bado yanalima. Hayakuwa na chuma cha ajabu. Kila asubuhi kulikuwa na mtu aliyeangalia oili na maji, na alipozeeka alimwita kijana akamwonyesha pa kuangalia.

Walimu wa Kisarawe na Maneromango walipokea kazi kutoka kwa wageni na kuifanya kuwa yao, hata wageni walipoondoka haikusimama. Wenye matrekta wa kizazi hiki wameachiwa wajibu wa namna hiyo hiyo. Vyuo vipo, mafundi wapo, na vijana wapo. Usharika unaotaka Sikukuu ya Mavuno iendelee kuwa na mavuno unaweza kuanza kwa jambo dogo: kumpeleka kijana mmoja akajifunze, kabla trekta halijafika.